Karatasi ya Ikulu na Rangi Isiyotulia

Nchi ninayotaka kuwasimulia si ya kwenu. Naomba hilo tulimalize mapema, asije mtu akanishika shati kesho akidai amemwona mjomba wake humu. Ya kwenu ina viongozi wanaosikiliza, ofisi zinazofunguliwa saa ileile iliyoandikwa mlangoni, na fomu zinazojazwa mara moja tu. Hii yangu iko mbali sana. Haina bahari, lakini ina Mkuu wa Jeshi la Majini. Jina lake nimelisahau, na kusema kweli nimejitahidi sana kulisahau.

Huko aliishi mama mmoja, fundi rangi, anaitwa Zamda binti Mkopi. Mfupi, mnene kidogo, miaka hamsini na miwili, kilemba kimejaa madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Ukimletea kipande cha pazia au ganda la yai ukamwambia, "Fundi, nataka ukuta ufanane na hiki," alikuwa anakitazama, anakoroga ndoo yake kwa kijiti, anajipaka nukta moja nyuma ya kiganja, anaipuliza ikauke, kisha anasema, "Haya, lete brashi." Na inafanana. Hakuwa na kitabu wala mashine. Alikuwa na jicho tu, na hilo jicho lilimlisha na kumvika, yeye na mdogo wake Mwinjuma, ambaye alimlea tangu mama yao afariki na kumfundisha kazi hiyohiyo.

Siku ya Jumatatu alikuwa anapaka saluni ya jirani yake, Bi Sikudhani, ukuta ulingane na maua ya mapazia. Kazi ilikuwa inaendelea vizuri, isipokuwa mahali pamoja: picha ya Mtukufu. Katika nchi hiyo kila chumba chenye watu lazima kiwe na picha ya Mtukufu Kiongozi, na kuiondoa ukutani hata kwa dakika moja kunahitaji kibali cha wilaya. Kwa hiyo fundi alikuwa anaizunguka kwa brashi nyembamba, taratibu, huku Mtukufu akimkodolea macho. Macho yale yalichorwa kwa ustadi. Ukienda kushoto yanakufuata, ukienda kulia yanakufuata. Watu walizoea kunong'ona hata jikoni kwao, wakizungumzia chumvi.

Gari likasimama. Wakashuka maofisa wanne: mmoja ameshika barua, wa pili ameshika kalamu, wa tatu ni shahidi, na wa nne anawasimamia hao watatu.

"Wewe ndiye Zamda Mkopi?"

"Ndiye."

"Unaamriwa kwa upendo," akasoma yule wa barua, "kufika Ikulu mara moja, ulinganishe rangi ya kuta mbili za Ukumbi wa Wageni na karatasi iliyobandikwa kwenye kuta mbili nyingine, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, mgeni wa taifa atakapowasili. Ukifaulu, mdogo wako Mwinjuma Mkopi, aliyeko gerezani kwa kushindwa kazi hiyohiyo, ataachiwa huru. Usipofaulu, ataletewa mwenzake wa kuzungumza naye. Weka sahihi hapa."

"Na nikikataa?"

Yule wa nne akatabasamu kwa upole. "Mama, barua haina nafasi ya hilo."

Zamda akaweka sahihi, na tone la rangi ya waridi likadondokea kwenye muhuri wa serikali.

*

Sasa niwaeleze hiyo karatasi ilifikaje Ikulu, maana msipoijua mtadhani watu wa nchi ile hawana akili.

Nchi moja rafiki, ya mbali kabisa, ilituma zawadi ya mabunda thelathini ya karatasi za kupambia kuta. Kumi na sita yaliyeyuka njiani kati ya uwanja wa ndege na Ikulu, kwa sababu ya joto. Yaliyobaki yakatosha kuta mbili za Ukumbi wa Wageni, na mbili zikabaki tupu.

Nchi ile ina desturi nzuri sana: hakuna kitu kinachoanza mpaka kianzishwe na mkubwa. Kisima hakitoi maji mpaka mkubwa ateke ndoo ya kwanza. Zahanati mpya ya meno ilipofunguliwa, jino la kwanza aliling'oa Mkuu wa Mkoa mwenyewe. Mgonjwa hakuwa na jino bovu, lakini ratiba ilikuwa imeshachapwa. Na mkubwa akishaanza, wengine wote hufanya kama alivyofanya, wasije wakaonekana wanamsahihisha.

Basi karatasi ya kwanza ikabandikwa na Waziri wa Kuta, Dari na Mapambo, Profesa Ludovick Magumba, akiwa amevaa glavu nyeupe, runinga ikimwonyesha moja kwa moja. Akachukua kipande, akapaka gundi, akakipachika ukutani. Mafundi waliokuwapo wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, mwenzake akamkanyaga mguu. Kisha wote wakapiga makofi, na vipande vilivyofuata wakavibandika vilingane na cha Waziri.

Wananchi walikuwa wametarajia maua. Walichokiona kwenye runinga ni rangi ya majivu yaliyomwagikiwa maziwa, na kila baada ya hatua moja mstari wa herufi ndogo za kigeni, zenye mikia. Profesa Magumba akawatoa wasiwasi.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa changa hutaka maua. Taifa lililokomaa hutosheka na kijivu. Na hiki si kijivu cha kawaida. Hiki ni Kijivu cha Busara!"

Kuhusu herufi, Profesa alikuwa mtaalamu. Aliwahi kuhudhuria kongamano la wiki tatu katika nchi ile rafiki, ingawa wiki mbili kati ya hizo aliumwa tumbo. Akatafsiri hapohapo: "Urafiki Wetu Udumu, na Mtukufu Azidi Kung'aa." Watu wakashangilia. Kabla ya mwezi kwisha herufi zile zilikuwa kwenye vifungo vya polisi na majalada ya madaftari, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanazinakili. Aliyesahau mkia mmoja alirudia mara mia.

Zikabaki zile kuta mbili tupu. Akaitwa Mwinjuma azipake rangi ifanane na karatasi. Siku ya Jumanne akapaka, ikafanana. Alhamisi kamati ikaja kukagua, haikufanana. Karatasi ilikuwa imekoza, ukuta umepauka. Hukumu ikatoka siku hiyohiyo: kuutofautisha ukuta wa Mtukufu, miaka minne.

*

Kabla ya kwenda Ikulu, Zamda aliomba apitishwe gerezani. Wakamkubalia dakika sita. Mwinjuma akaletwa. Mtoto wa kiume ambaye alikuwa akipanda ngazi anapiga miluzi, anacheka mpaka brashi inamponyoka, sasa amekonda, anatembea ameinamisha kichwa. Juu ya meza ya wageni palikuwa na picha ya Mtukufu, ikiwatazama wote wawili.

"Umekula?" Zamda akauliza.

"Nimekula, dada." Hakuwa amekula. Akaichukua chapati aliyoletewa akaishika tu. "Dada, nakuapia, Jumanne ile rangi ilikaa. Hata mimi mwenyewe sikuuona mpaka kati ya rangi na karatasi. Alhamisi ikanikataa. Ile rangi haitulii."

"Jumatano mvua ilinyesha?"

Mwinjuma akafikiri. "Ilinyesha kutwa."

"Mh."

"Usiende, dada. Watakufunga na wewe."

"Niende nisiende, gari lao liko mlangoni," Zamda akasema. "Kula chapati. Ijumaa nakuja kukuchukua."

Akaondoka akitabasamu. Alipofika garini akalia, akalia kweli, mpaka yule ofisa wa kalamu akageuza uso dirishani akijifanya anahesabu nguzo za umeme.

*

Ikulu alipokelewa na Kamati ya Taifa ya Ulinganifu wa Rangi na Karatasi, watu kumi na saba. Kulikuwa na majaji wawili, mkurugenzi wa mbegu, na yule Mkuu wa Jeshi la Majini, ambaye huwekwa kwenye kila kamati kwa kuwa ana nafasi. Mwenyekiti ni Profesa Magumba.

"Mama fundi," akaanza Profesa, akisimama, ingawa hakuna aliyemwomba, "rangi ni nini? Wengine watasema rangi ni kile kinachoonekana. Huo ni mtazamo wa kikoloni! Rangi ni msimamo. Ukuta wenye karatasi umeshatoa msimamo wake. Kazi yako ni kuushawishi ukuta usio na karatasi uunge mkono."

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Naweza kuigusa karatasi?"

Kamati ikanong'onezana. Kumbe kugusa kunahitaji kibali. Ikaletwa fomu: jina la mgusaji, sababu za kugusa, idadi ya vidole. Zamda aliomba vitano, akapewa viwili, kwa masharti.

Akatembea mpaka ukutani, akaweka vidole vyake viwili halali. Akavisogeza. Akakunja uso. Karatasi ya mapambo aliijua. Alishabandika kwenye nyumba za matajiri wa mjini. Huwa nyororo, maji yakiimwagikia yanateleza. Hii ilikuwa na mkwaruzo kama mfuko wa saruji. Akakilamba kidole kimoja, akakibonyeza. Pale pale pakakoza, pakawa rangi ya ugoro.

"Inakunywa maji," alijisemea kimoyomoyo. "Mvua ikinyesha inakoza, jua likiwaka inapauka. Mdogo wangu angeipatia saa ngapi?"

Kamati ilipokwenda kupata chai, akabaki na askari mmoja wa mlangoni. Zamda akajifanya anapima kona nyuma ya kochi kubwa. Pale gundi ilikuwa imeachia kidogo. Akaingiza ukucha, akainua ncha ya karatasi, akachungulia upande wa pili.

"Mtume!"

"Umesema nini?" askari akauliza.

"Namwomba Mungu anifungulie njia."

Mle ndani, upande wa karatasi ulioelekea ukuta, palikuwa na ndege. Ndege wa samawati wenye vilemba vya dhahabu, wamekaa juu ya matawi yenye maua mekundu, kila unyoya umechorwa. Karatasi yote ilikuwa imebandikwa kinyume. Uzuri umeelekezwa kwenye plasta, na taifa zima limeamriwa kutukuza mgongo!

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Mwinjuma wake, miaka minne, kwa sababu hakuweza kulingana na mgongo wa karatasi! Akageuka amwite mtu, amwambie. Kisha akakumbuka sheria, ambayo katika nchi ile watoto huifahamu kabla ya kujua kuvaa viatu: yeyote atakayesema kwamba jambo lililoanzishwa na mkubwa limeanzishwa vibaya, miaka saba. Akisema, hamtoi Mwinjuma. Anajipeleka mwenyewe, tena kwa kifungo kirefu zaidi.

Akakirudisha kile kipande taratibu, akakipigapiga kwa kiganja. Akakaa chini kwenye sakafu ya marumaru, akafikiri. Askari akadhani mama wa watu amechoka, akamletea maji. Alipomaliza kunywa alikuwa anacheka peke yake.

*

"Mheshimiwa," alimwambia Profesa, "rangi hii nimeielewa. Lakini ina aibu. Ikitazamwa kabla haijakauka, inabadilika."

Profesa akaitikia kwa kichwa, kwa busara. "Nililigusia jambo hilo katika sura ya tatu ya kitabu changu."

"Basi naomba nifungiwe mlango Jumanne na Jumatano. Na naomba rangi ya mafuta, ndoo nane, na brashi moja nyembamba sana."

Akafungiwa. Na humo ndani alichofanya ni kitu chepesi ambacho majaji wawili na mkurugenzi wa mbegu wasingekifikiria mpaka leo. Alichanganya rangi moja, kijivu kilekile cha karatasi, akazipaka kuta zote nne. Zenye karatasi na zisizo na karatasi, kwa ndoo ileile na rola ileile. Mtu na kivuli chake watakosaje kufanana? Mafuta yakaifunga ile karatasi isinywe tena maji.

Ikabaki kazi ya herufi. Kabla ya kupaka alikuwa amezinakili kwenye karatasi ya sukari, mkia kwa mkia. Akazirudisha kwa ile brashi nyembamba, mstari kwa mstari, na kwa kuwa kuta zinatakiwa zifanane, akaziandika na kwenye zile kuta mbili nyingine. Mistari mia tatu na kumi na miwili! Mkono ulimkakamaa, shingo ikagoma kugeuka. Alipotaka kusinzia juu ya ngazi alikuwa anamkumbuka Mwinjuma na chapati yake, anaendelea.

Alhamisi ikaja mvua, mvua ile ya kuangusha mabati. Zamda akaketi barazani ameshika kifua. Ilipokatika, kamati ikaingia. Wakatazama kwa miwani, wakatazama bila miwani. Profesa Magumba akaegemeza shavu lake ukutani, akafumba macho, akasikiliza.

"Mpaka uko wapi?" akauliza Mkuu wa Jeshi la Majini.

Hakuna aliyeuona. Walizunguka ukumbi mara tatu, na jaji mmoja akasahau mlango ulipo. Kura ikapigwa: kumi na saba kwa sifuri, rangi imelingana.

"Mdogo wangu je, Mheshimiwa?"

"Mgeni kwanza," Profesa akasema, akakunja karatasi ya kura. "Ulinganifu wa kudumu utathibitika mbele ya mgeni."

*

Ijumaa saa nne kamili, Rais wa ile nchi rafiki iliyoleta karatasi akaingia Ukumbi wa Wageni. Mzee mdogo, mpole, mwenye miwani ya duara, pamoja na binti mkalimani wake. Zamda aliwekwa kwenye kona amevaa gauni la kuazima, ili lolote likitokea asitafutwe mbali.

Mtukufu mwenyewe alikuwapo. Ana kwa ana alikuwa mfupi kuliko picha zake, na macho yake hayakumfuata mtu yeyote.

"Ukumbi huu," Mtukufu alisema, "nimeusimamia mwenyewe. Hata rangi niliichanganya kwa mkono wangu, nikitoka kwenye Baraza la Mawaziri."

Mgeni akainamisha kichwa, akausogelea ukuta. Akasoma mstari mmoja. Akasogea, akasoma wa pili. Akazunguka kuta zote nne, midomo ikimchezacheza, akarudi pale alipoanzia, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akasema neno kwa mkalimani.

"Mheshimiwa Rais anauliza," binti akasema, "maandishi haya yameandikwa kwa mkono, kwa kazi kubwa sana. Aliyeyaandika alijua maana yake?"

"Ebo! Tulijua sote!" Profesa Magumba akadakia. "Urafiki Wetu Udumu, na Mtukufu Azidi Kung'aa! Watoto wetu wanayaandika shuleni!"

Binti akatafsiri. Mgeni akashikwa na kikohozi kirefu, akakikohoa ndani ya leso mpaka mabega yakatikisika. Akanong'ona tena. Binti alikuwa ameanza kutoka jasho.

"Mheshimiwa Rais anasema, kwa heshima zote, kwao maneno haya huchapwa nyuma ya karatasi za ukutani. Yanasema: 'Paka gundi upande huu. Upande huu ubandikwe ukutani.'"

Weee! Kimya kilichoingia humo ukumbini, ungesikia gundi inavyokauka. Majaji wakatazama viatu. Mkuu wa Jeshi la Majini akatazama dirishani, labda leo bahari ingetokea. Mtukufu akamgeukia Profesa Magumba polepole sana, na Profesa akaonekana anapungua ndani ya suti yake.

Lakini msimdharau msomi. Alinyoosha kidole juu.

"Ndivyo hasa!" akapaza sauti. "Tulijua! Tulijua tangu mwanzo! Mtukufu katika upeo wake aliagiza karatasi igeuzwe kwa makusudi. Mataifa mengine yanaonyesha uzuri wao hadharani, hovyo hovyo, kila mpita njia anaumaliza kwa macho. Sisi uzuri wetu tunauhifadhi! Hii ndiyo Siasa ya Kuelekea Ukutani! Kuanzia leo, kila kitu cha heshima kinachotundikwa katika nchi hii kitatundikwa uso ukutani!"

"Ndivyo nilivyoagiza," Mtukufu akasema haraka.

Makofi yakalipuka. Zamda akaona mlango umefunguka kidogo, na kwamba hautafunguka tena. Akapiga hatua mbele, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, Mtukufu. Mimi ni fundi tu, akili zangu fupi. Kama ukuta ulikuwa sahihi tangu mwanzo, basi mdogo wangu Mwinjuma amefungwa kwa kosa gani?"

Binti mkalimani, aliyekwisha kuzoea kazi, akatafsiri na hilo. Mgeni akainua nyusi, akamtazama Mtukufu. Wote wakamtazama Mtukufu.

"Amefungwa?" Mtukufu akacheka kidogo. "Nani amesema amefungwa? Huyo kijana yuko mafunzoni. Mafunzo ya juu ya rangi. Tena... tena anahitimu leo."

Mgeni akafurahi sana. Alisema kwao yeye hupenda mno mahafali, na angeona fahari kumkabidhi kijana huyo cheti kwa mkono wake mwenyewe. Ikabidi maofisa wanne wakimbie gerezani na joho la chuo kikuu, na saa nane mchana Mwinjuma Mkopi akatoka kwenye lango la chuma amevaa kofia bapa yenye kishada, haelewi kitu. Aliposikia jina lake linaitwa alidhani anakwenda kunyongwa. Alipomwona dada yake amesimama mstari wa mbele akilia na kupiga vigelegele, ndipo akajua haendi kunyongwa.

Lakini nimeruka kidogo. Kabla hawajatoka ukumbini Zamda aliuliza swali la pili. Sijui alilitoa wapi. Pengine ni kuzunguka picha kwa brashi miaka yote ile.

"Na ile, Mheshimiwa Waziri?" alisema, akielekeza kidevu juu ya mlango. "Nayo imetundikwa."

Picha kubwa ya Mtukufu ilikuwa inawatazama wote. Profesa akafungua mdomo kusema hiyo haihusiki, akaufunga. Akisema haihusiki, amesema si kitu cha heshima. Hilo ni miaka tisa.

"Hiyo," akasema kwa sauti ya kukauka, "ndiyo ya kwanza."

Ikaletwa ngazi, zikaletwa glavu nyeupe, ikaletwa runinga. Waziri akapanda, akaigeuza picha ya Mtukufu uso ukutani. Na kwa kuwa mkubwa ameshaanza, nchi nzima ikafuata.

*

Sijawahi kuona amri ikitekelezwa kwa moyo namna ile. Kabla ya alasiri hapakuwa na ofisi wala duka ambalo halijageuza. Watu waligeuza za kwao, kisha wakaenda kuuliza kwa jirani kama anahitaji msaada. Kwa Bi Sikudhani wanawake walisukwa wakisema kwa sauti zao halisi, na ikagundulika kwamba mmoja wao, aliyedhaniwa mkimya, ana mdomo usiofungika.

Zamda na Mwinjuma walifika nyumbani jua bado liko juu. Akampikia wali na mchicha wa nazi, akamwekea sahani, akakaa kumtazama anavyokula. Mwinjuma alikula ameinamisha kichwa, anatafuna kimya, kwa ile tabia ya gerezani. Kofia yake yenye kishada ilikuwa juu ya mtungi.

"Mdogo wangu, cheka basi. Umehitimu."

"Nitacheka, dada. Bado kidogo."

Zamda akainuka, akaenda kuigeuza picha yao. Ile ya Ikulu ilikuwa na turubai safi kwa nyuma, lakini hizi za wananchi zilitengenezwa kwa haraka na kiwanda cha serikali, na mgongoni zilibandikwa maboksi yaliyokatwa kutoka kwenye makasha ya glasi za chai. Akaitundika, akarudi nyuma hatua mbili. Maandishi yalikuwa ya lugha yao wenyewe, hayakuhitaji profesa.

"Mwinjuma," akaita. "Hebu soma hapo."

Mwinjuma akainua kichwa. Pale ambapo macho ya Mtukufu yalikuwa yakiwafuata mpaka kwenye chungu cha mboga, palikuwa pameandikwa kwa wino uliofifia: TAHADHARI. HUVUNJIKA UPESI.

Kwanza bega moja likatikisika. Kisha la pili. Kisha Mwinjuma akacheka, kile kicheko chake cha juu ya ngazi, mpaka wali ukampalia, na dada yake akampiga mgongoni huku na yeye machozi yanamtiririka.

Wakasikia hodi. Alikuwa Bi Sikudhani, ameikumbatia picha yake kifuani, kinyume, kama sheria inavyotaka.

"Fundi," akasema, "ya kwangu maandishi yamefifia sana. Wateja hawasomi vizuri kutoka kwenye kiti. Huwezi kunikolezea?"

Nyuma yake, uani, walikuwa wamesimama majirani wengine sita, kila mmoja na picha yake. Zamda akamwambia Mwinjuma amletee ile brashi nyembamba. Akachanganya rangi kidogo kwenye kifuniko, akajipaka nukta nyuma ya kiganja, akaipuliza ikauke, akaiweka karibu na zile herufi. Ilifanana mara ya kwanza.